Ufunguo Mdogo na Uhai wa Jirani: Namna ya Kuchagua Funguo za Pembe Sita



Safari hii ukurasa wetu wa kazi za mikono wataka kusema habari za chombo kidogo, ambacho mtu aweza kukitia mfukoni mwa shati asisikie uzito wake. Ni kile kijiti cha chuma chenye pembe sita, kilichopindwa mfano wa herufi L, ambacho mafundi wa Kitshanga na Goma, wakifuata Kifaransa, hukiita "kle Allen". Sisi tutakiita ufunguo wa pembe sita, kwa kuwa kazi yake ni kuingia katika tundu la skrubu lenye pembe sita na kulizungusha.

Huenda akina mama wakasema: "Hayo ni mambo ya wanaume wenye mikono ya mafuta." Lakini na wasome hadi mwisho. Maana yeyote apandaye pikipiki, na yeyote apelekaye mahindi yake kwenye mashine ya kusaga, amekabidhi uhai wake kwa skrubu chache zilizokazwa na mtu asiyemjua.

Kijana mmoja atengenezaye pikipiki kando ya barabara, hapa Kitshanga, alitujia jioni moja akiwa na huzuni. Alikuwa amenunua sokoni seti ya funguo tisa, zinang'aa kama kioo, zimepangwa vizuri katika kifuko cha plastiki, kwa bei ndogo mno. Kesho yake mmotari mmoja akamletea pikipiki ili abadilishiwe pedi za breki ya mbele. Kijana akafungua zile skrubu mbili ziishikazo breki, akaweka pedi mpya, akarudisha skrubu ya kwanza, nayo ikakazika vema. Alipokaza ya pili, ufunguo ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza tena. Alipouchomoa, aliona tundu la skrubu limekuwa duara, na pembe za ufunguo zimelika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Skrubu haikukazika, wala haikufunguka.

"Fundi, iache hivyo hivyo," akasema mmotari. "Abiria wangu wanangoja kwenda Mweso. Nitarudi jioni."

"Nisamehe, kaka, siwezi kukuachia," akajibu kijana. "Breki hii ikilegea mteremkoni, utakufa wewe pamoja na watu wako."

Mmotari akakasirika, akapaza sauti mbele ya watu. Abiria wake wakapanda pikipiki nyingine. Kijana akaenda kumwomba msaada fundi mmoja mzee, na skrubu ile haikutoka hata saa tisa alasiri. Siku ile kijana hakupata faranga hata moja. Bali alinunua skrubu mpya kwa fedha yake, tena akamtuliza mmotari kwa kumlipa sehemu ya pato alilolikosa.

"Wazee wangu," akatuuliza, "nilikosea wapi?"

Twataka kumjibu mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa swali lake ni la wengi.

HAKUKOSEA KATIKA JAMBO KUBWA

Neno la kwanza tunalomwambia ni hili: katika jambo lililo kubwa hakukosea hata kidogo. Alipokataa kuiachia pikipiki ile, alitimiza amri ya kumpenda jirani. Watu wale wa Mweso hawakumjua, wala hawakujua kwamba aliwalinda. Lakini Mungu ajua. Fundi asemaye "itatosha" huku moyo wake ukimwambia kwamba haitoshi, huyo anauza uhai wa mtu mwingine.

Walakini alikosea siku iliyotangulia, pale sokoni. Alitazama mng'ao na bei, hakutazama chuma wala kipimo. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Ufunguo mbaya haujulikani ukiwa kifukoni. Hujulikana siku ya kazi, mbele ya mwenye pikipiki, wakati saa zinakwenda.

Tena hasara haiishi kwa ufunguo wenyewe. Ufunguo ulioharibika waweza kutupwa na mwingine ukanunuliwa. Lakini ufunguo mbaya huiharibu skrubu, na skrubu iliyoharibika huiharibu siku nzima, na pengine kile chombo chenye kushikwa na skrubu. Basi mtu anayeokoa fedha kidogo kwa kununua ufunguo hafifu ameweka rehani vitu vya bei kubwa kuliko ule ufunguo mara nyingi.

CHOMBO KILICHOZALIWA ILI KUWALINDA WATU

Yafaa wanafunzi wetu wajue asili ya chombo hiki. Zamani, katika viwanda vya Ulaya na Marekani, magurudumu ya mikanda yalishikwa kwenye vyuma vizungukavyo kwa skrubu zenye vichwa vilivyojitokeza nje. Vichwa hivyo, vikizunguka kwa kasi, vilinasa nguo na mikono ya wafanyakazi, wengi wakaumia na wengine wakafa. Watu wakatafuta skrubu isiyo na kichwa, itakayozama ndani isimnase mtu. Lakini skrubu iliyozama itazungushwaje? Jawabu ni kuipiga tundu lenye pembe na kutengeneza ufunguo wa kuingia humo. Mwaka 1910 William G. Allen, wa mji wa Hartford katika jimbo la Connecticut, Marekani, alipewa hati ya serikali ya kulinda namna yake ya kutengeneza skrubu za namna hiyo. Na kwa ajili hiyo mpaka leo jina lake hutajwa na mafundi wasiojua kwamba alikuwa mtu. Wajerumani huuita ufunguo huu "Inbus", na Waitalia huuita "brugola", kwa majina yaliyotoka katika viwanda vya kwao.

Tazameni basi mashine zetu za kusaga mahindi na muhogo. Katika nyingi, gurudumu la mkanda hushikwa na kiskrubu kilichozama, hakionekani kwa mtu apitaye. Mama asimamaye karibu na kitenge chake hujikinga kwa kitu asichokiona. Skrubu ile ikiharibika tundu, na mwenye mashine akaibadilisha kwa bolti yoyote yenye kichwa kirefu, ameirudisha ile hatari ya zamani ndani ya nyumba yake. Hivyo ufunguo mwema, uwezao kuifunga na kuifungua skrubu ile bila kuiharibu, ni mlinzi wa akina mama.

NAMNA YA KUCHAGUA

Sasa tuingie sokoni pamoja. Mambo ya kutazama ni matano.

La kwanza ni kipimo. Pikipiki na baiskeli nyingi zinazotumika kwetu zimeundwa kwa milimeta. Funguo zitakiwazo mara nyingi ni za milimeta 2, 2.5, 3, 4, 5, 6, 8 na 10. Lakini sokoni ziko pia seti za inchi, na macho hayawezi kuzitenganisha upesi. Ufunguo wa inchi 3/16 una milimeta 4.76, utaingia katika tundu la milimeta 5, lakini utacheza ndani yake na kuzilaza pembe. Ule wa inchi 1/4 una milimeta 6.35, hauingii kabisa katika tundu la 6. Ule wa inchi 5/32 una milimeta 3.97, nao hukaribiana sana na ule wa 4, ndiyo maana huwadanganya wengi wakadhani kwamba na nyingine zitafaa. Soma maandishi yaliyo juu ya kifuko na juu ya kila ufunguo. Seti isiyoandikwa vipimo uiache.

La pili ni jinsi ufunguo unavyokaa tunduni. Nenda sokoni na skrubu mbili tatu mpya, za tundu la milimeta 4, 5 na 6. Tia ufunguo ndani, kisha ujaribu kuuchezesha huku na huku kwa vidole. Ufunguo mwema huingia bila kupigwa, hufika mwisho wa tundu, na ukiuchezesha hutikisika kidogo mno. Ukitikisika kama jino la mzee, usiununue. Jambo hili lapita yote, kwa maana ufunguo uliolegea haushiki pande za tundu. Hugusa ncha za pembe tu, na nguvu yote ya mkono huangukia sehemu ile nyembamba, hata ikalika.

La tatu ni chuma chenyewe. Funguo bora hutengenezwa kwa chuma kigumu kilichochanganywa na madini mengine, kisha kikatiwa matiko, yaani kikapashwa moto na kupozwa kwa kanuni ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Juu yake waweza kuona alama "Cr-V" au "S2", ambazo ni majina ya vyuma vya namna hiyo. Ni alama njema zikiwa za kweli, lakini kumbuka kwamba mtu aweza kupiga chapa yoyote juu ya chuma chochote. Kwa hiyo tumia tupa. Ukipata ruhusa ya muuzaji, au ukiisha kununua ufunguo mmoja wa kujaribia, pitisha tupa nzuri mara moja juu ya pembe moja karibu na ncha. Tupa ikiula ufunguo kwa urahisi kama iulavyo msumari, chuma ni laini. Ikiteleza, au ikikwaruza kwa shida, chuma kimetiwa matiko.

La nne ni ncha. Utazame mwisho wa ufunguo mbele ya mwanga. Uwe umekatwa sawasawa, pembe zote sita zikionekana wazi, bila mabaki ya chuma yaliyojikunja. Ufunguo ulionakshiwa kwa rangi nene ya fedha huficha makosa. Na rangi ile ikianza kubanduka, kipimo hubadilika. Funguo nyingi zilizo bora ni nyeusi, tena hazivutii macho. Msizidharau kwa ajili ya weusi wao.

La tano ni urefu. Mkono mrefu huongeza nguvu: ukishika mahali palipo mbali mara mbili kutoka kwenye skrubu, nguvu ya kuzungusha huwa mara mbili. Kwa skrubu za pikipiki zilizogandishwa na matope na kutu, seti yenye mikono mirefu yafaa zaidi. Ziko pia funguo zenye ncha ya mviringo mfano wa kitufe, ziingiazo tunduni hata zikiwa zimelala upande. Hizo ni nzuri kwa kuzungusha skrubu iliyokwisha kulegea mahali pasipofikika. Lakini shingo yake ni nyembamba; usiitumie kulegeza skrubu iliyokaza wala kukazia mara ya mwisho, isije ikakatikia ndani ya tundu.

Wanafunzi waongeze hesabu hii. Nguvu ambayo ufunguo waweza kuistahimili kabla ya kupindika hukua kwa kuzidisha unene wake mara tatu kwa wenyewe. Ufunguo wa milimeta 5 ni mnene mara 2 kuliko ule wa 2.5; lakini 2 mara 2 mara 2 ni 8, basi huo mkubwa hustahimili mara 8. Kwa hiyo katika seti hafifu zile ndogo ndizo hupindika kwanza. Ukitaka kuipima seti, anza kwa watoto wake.

NAMNA YA KUITUMIA

Hata ufunguo mwema huharibiwa na mkono mbaya. Barabara za Masisi zina matope nyakati za mvua na vumbi wakati wa kiangazi, na vyote viwili hujaa ndani ya tundu la skrubu. Kabla ya kutia ufunguo, safisha tundu kwa msumari mwembamba na kitambaa mpaka uuone mwisho wake. Ufunguo ulioingia nusu hushika nusu. Kisha uusukume hadi mwisho, uushike wima, uuzungushe polepole. Haraka haraka haina baraka.

Skrubu ikikataa, usiongeze bomba refu juu ya ufunguo mdogo. Tia mafuta mepesi, ungoje, gonga kichwa cha skrubu taratibu kwa nyundo, kisha ujaribu tena. Na ukiona ufunguo umeteleza mara moja, acha. Hapo ndipo kijana wetu alipokosea mara ya pili: alijaribu tena kwa ufunguo uleule. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu lililolika kidogo bado laweza kufunguliwa na ufunguo mpya wa kipimo halisi. Lililokuwa duara halifunguki tena kwa ufunguo huo. Yule fundi mzee alilazimika kukishika kichwa cha skrubu kwa nje kwa koleo kali ya kujifunga, akakizungusha kidogo kidogo.

Skrubu iliyoharibika isirudishwe mahali pake. Wekeni mpya ya unene uleule, urefu uleule, na nguvu ileile. Nguvu hiyo huandikwa kwa tarakimu juu ya kichwa, kama 8.8 au 12.9, tarakimu ikiwa kubwa, skrubu ni imara zaidi. Mahali pa breki msiweke skrubu isiyo na alama.

Ufunguo uliolika ncha yake si lazima utupwe. Waweza kusagwa kwenye jiwe la kunolea mpaka pembe nzima zionekane tena. Lakini uuchovye majini kila mara, usiache ukageuka rangi ya buluu kwa joto, maana hapo matiko yake yametoka.

VYOMBO NI AMANA

Si mbali na Kitshanga iko Mokoto, ambako watawa Watrapisti kutoka Scourmont, Ubelgiji, walianzisha monasteri mwaka 1954. Watrapisti hufuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na katika Kanuni hiyo, sura ya 31 na ya 32, lipo fundisho limfaalo kila fundi. Mtakatifu huyo ataka mtunza mali wa monasteri aviheshimu vyombo vya kazi kama vile vyombo vitakatifu vya altare. Tena ataka abate awe na orodha ya zana zote, apate kujua alichotoa na alichopokea. Naye atumiaye zana kwa uchafu au uzembe aonywe. Angalieni: mtakatifu huyu mkuu hakuona kwamba jembe na shoka ni mambo madogo mno kwa mtu wa sala.

Basi na sisi tufanye vivyo hivyo. Jioni, fundi azifute funguo zake kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kwa maana hewa ya milima yetu ina unyevu na kutu haingoji mwaliko. Azihesabu, kila moja irudi mahali pake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wazazi nao wasikie neno. Mwana akiomba fedha ya kununua zana, msimwambie anunue ilivyo rahisi. Kitabu cha Mhubiri, sura ya 10, chatufundisha kwamba mwenye chuma butu hana budi kuongeza nguvu, bali hekima huleta faida. Kama fedha haitoshi kwa seti nzima iliyo bora, kijana anunue funguo tatu njema, zile za milimeta 4, 5 na 6, kisha azidi kuongeza mmoja mmoja. Akiba haiozi.

Tena liko jambo ambalo watu wa Kitshanga hawahitaji kuelezwa. Mwaka 2013 mapigano yaliteketeza nyumba nyingi za mji huu, na mwanzoni mwa mwaka 2023 watu wake walikimbia tena. Siku ya kukimbia mtu haondoki na nyumba, wala shamba, wala ng'ombe wote. Lakini funguo chache zilizofungwa katika kitambaa huenda pamoja na mwenyewe. Na popote atakapofika, hata kambini, patakuwa na pikipiki iliyoharibika na mtu wa kumlipa aitengenezaye. Zana njema na ujuzi wa kuitumia ni shamba ambalo mtu hulibeba mfukoni. Nani basi atabeba chuma kitakachomwaibisha siku ile?

Yule kijana alirudi kwetu baada ya majuma machache. Ile seti ing'aayo hakuiuza kwa mwingine, ingawa mtu alitaka kuinunua. "Ningempa mwenzangu mzigo niliokwisha kuutua," akasema. Aliziweka funguo zile kando, azitumie kuwa vyuma vya kusafishia matundu. Alikuwa amenunua funguo tatu nyeusi, akatuonyesha jinsi zinavyokaa katika skrubu bila kutikisika, naye alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Na yule mmotari? Sasa haipeleki pikipiki yake kwa fundi mwingine. Amekwisha kuwaambia wenzake: "Yule dogo hatakuachia uondoke kama kazi haijaisha."

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Fundi yule wa Nazareti hakutuachia neno lake hata moja katika Injili. Kazi yake ndiyo iliyosema. Atuombee, ili na kazi za mikono yetu ziseme kweli, hata katika skrubu ile ambayo hakuna atakayeitazama.